Vanishi ya Gitaa la Mama

Harufu ya vanishi ikinipata popote, hata mbele ya karakana ya makabati, nasimama. Watu wanadhani naulizia bei. Kumbe nimesharudi kijijini kwetu Mkunya, Newala, kwenye chumba cha bibi chenye sakafu ya udongo, gitaa la mama linaning'inia ukutani juu ya kitanda changu, na nje moshi wa korosho zinazochomwa unakereketa koo. Nilikuwa na miaka tisa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, ruksa kila mahali, mitumba imejaa magulioni, na mama yangu, mwanamke pekee aliyepiga gitaa katika kwaya ya kanisa letu, akashuka Masasi kuuza mitumba sokoni. Baba sikumjua. Nilibaki na bibi, na gitaa.

Lilikuwa kuukuu, ila fundi mmoja alikuwa amelipaka upya vanishi nyembamba mno, ya rangi ya asali, ambayo joto likizidi ililainika. Kwa hiyo mama alikuwa na masharti yake, na kabla hajaondoka alinikalisha mkekani akanifundisha. Akitaka kupandisha sauti, alifunga penseli juu ya nyuzi, shingoni mwa gitaa, kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mpira ukilala juu ya vanishi unaacha doa jeusi lisilotoka, basi kwanza unazungusha kitambaa nyuma ya shingo, ndipo mpira, na ukimaliza kupiga unafungua palepale. Vitu vya gundi ndiyo kabisa, visisogee: ukibandua, gundi inaondoka na vanishi. Akachana pindo la kanga yake, akanipa. "Kwanza nguo, Esta. Nikirudi Krismasi nilikute linang'aa hivi hivi."

Mtoto ni mtoto. Kichwani mwangu ikawa gitaa liking'aa mama anarudi, likichubuka harudi. Jamani, nililinda! Wenzangu walikuja kutoka kubangua korosho, mikono imejaa yale mafuta ya maganda yanayobabua ngozi, wanataka kujaribu nyuzi. Nikawafukuza wote. Wakaniita mke wa gitaa, wakacheka wee, kisha wakaacha kuja. Jioni nilikaa peke yangu, nafunga kitambaa, penseli, mpira, napiga zile sauti mbili tatu nilizozijua, nafungua, nafuta. Tulipokwenda kuteka maji kule ukingoni mwa uwanda wetu wa juu, siku isiyo na ukungu, milima ya mawe ya upande wa Masasi ilionekana bondeni. Karibu hivyo, na mama haji! Niliweka ndoo chini nikaitazama mpaka bibi akachoka kunisubiri. "Hayo mawe hayatakuambia kitu, mjukuu wangu. Beba ndoo, twende." Nilikuwa mpweke, sina neno jingine la kupamba.

Mkesha wa Krismasi mama akashuka kwenye lori la wanunuzi wa korosho. Nikamwamkia shikamoo huku nakimbia. "Marahaba, mwanangu, mbona umerefuka hivi!" Alinukia manukato nisiyoyajua. Kabla hajanywa hata maji nikamletea gitaa. Aligeuza mbele, akageuza nyuma, akamwita bibi: "Mama, njoo uone! Huyu mtoto kalitunza kuliko mimi!" Usiku ule furaha ilinishibisha, chakula sikukigusa.

Asubuhi kanisa lilifurika. Kwaya ilikuwa imeazima vipaza sauti vya betri ya gari, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea kwetu, na kimoja kidogo kilitakiwa kikae juu ya gitaa lenyewe. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na plasta ya zahanati mkononi ya kukibandikia. "Mama Esta, upesi, padri keshaingia." Nilikuwa nimekuja na pindo langu la kanga. Nikamnyooshea mama, nikasema, "Kwanza nguo, mama."

"Ah, mara moja tu, mwanangu. Nitaibandua mwenyewe taratibu."

Akabandika juu ya vanishi tupu. Akapiga. Nisiseme uongo, alipiga mpaka wazee waliokaa nyuma wakasimama, na mimi nikasahau plasta, nikaimba. Lakini ibada ilikuwa ndefu, na chini ya yale mabati joto lilitupika sote. Alipobandua, vanishi ilitoka na plasta. Pakabaki mti mtupu, ukubwa wa kiberiti.

Nililia mbele za watu. Mama kwanza alicheka, "Esta wee, si rangi tu hii!" Kisha akanitazama vizuri. Akapitisha kidole pale palipochubuka, akarudia tena. "Nikija Pasaka nitaleta vanishi. Nitapapaka mwenyewe, usiruhusu mtu mwingine." Kesho yake akapanda lori. Pasaka ilipofika mvua zilikuwa zimekata barabara. Baada ya mvua tukasikia anaumwa hukohuko Masasi, na siku walipomleta Mkunya, walimleta ili tumzike.

Siku hizi naishi Masasi, si mbali na lile soko. Magari ya Newala yanapishana kutwa, na anayemtamani mama yake hasimami ukingoni kuangalia milima, anampigia simu. Binti yangu ndiye anayelipiga gitaa sasa. Ana kibanio kizuri cha nyuzi chenye sponji, ana kinasa sauti cha kubandika kisichozidi kifungo cha shati, na bado namkatia kipande cha kanga atangulize. Ananicheka, lakini anatanguliza. Juzi alirudi na kopo dogo la vanishi na brashi, akalilaza gitaa mezani. "Mama, hapa nipazibe, ni padogo tu." Harufu ilipanda. Nikamshika mkono kwa nguvu mpaka akashtuka.

"Paache," nikamwambia. "Vanishi ya hapo kuna mtu aliahidi kuileta."