Macho Aliyoniomba Baba

Nakumbuka usiku mmoja, mwanangu, ambao kila nikiusimulia nainamisha uso, na mvi zangu zote hizi. Lakini mficha uchi hazai, acha niuseme.

Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi, na baba nilikuwa naye nyumbani kwangu Ihanja. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, miguu haina nguvu. Kisha tumbo likaanza kumsumbua. Usiku aliamka mara tatu, mara nne, na akikaa hutoka choo kidogo tu, au hakitoki kabisa. Mke wangu asingeweza kuingia chumba cha baba mkwe wake. Kwetu hilo halina mjadala. Basi kazi ya ndoo aliyojisaidia ikawa yangu.

Ulikuwa msimu wa kupiga alizeti, na usiku huo mgongo ulikuwa unaniwaka. Aliponiita nikaenda, nikamshika, nikamkalisha, nikageuza uso ukutani. Alipomaliza akaniambia taratibu, kama mtu anayeomba asichostahili:

"Mwanangu, mimi sioni. Hebu niangalizie, kuna damu?"

Tochi nilikuwa nayo mkononi. Ningeinama tu. Nikajibu, "Hakuna, baba. Lala."

Sikuangalia. Nilifunika ndoo nikaenda kuimwaga chooni gizani. Siku zilizofuata aliuliza tena, nami nikajibu vilevile, wakati mwingine hata hajamaliza kuuliza. Nilijiambia ni heshima, mtoto hachungulii siri ya mzazi wake. Uongo mtupu! Kilikuwa kinyaa, na usingizi. Heshima nimeisingizia mengi katika ujana wangu, lakini hapo niliionea.

Nilimpeleka zahanati. Daktari akamuuliza kama anaona damu kwenye choo. Baba akajinyoosha kitini, akanionyesha kwa kidole, kwa majivuno kabisa: "Macho yangu yamekwisha, daktari, ila huyu ananiangalizia kila usiku. Hakuna." Daktari akanigeukia mimi. Neno moja tu lingetosha, mwanangu. Nikaitikia kwa kichwa. Tukapewa dawa za minyoo, tukarudi.

Miezi ikapita. Baba akakonda mpaka mkanda wake nikautoboa matundu mapya. Ndipo shangazi, dada yake baba aliyeolewa Shelui, akaja kumwona. Asubuhi yake tu alichukua mashuka ya mgonjwa kwenda kuyafua. Hakufika mbali. Akarudi uani na shuka mkononi, hata shikamoo yangu hakuipokea.

"Hii damu imeanza lini?"

Nikasema sijui.

"Hujui? Jana kaniambia wewe ndiye unayemwangalizia!"

Akanitazama usoni, akaelewa.

"Kaka yangu aliishiwa macho, akakuomba yako," akasema. "Ukamnyima. Sasa wewe ni mtoto wa nini?"

Afadhali angenichapa fimbo mbele ya mke wangu.

Hospitali ya mkoa walisema ni saratani ya utumbo, na imeshasambaa. Daktari wa huko hakunigombeza. Aliuliza tu mbona tumechelewa, nami nikaangalia viatu vyangu.

Tukarudi naye nyumbani. Usiku mmoja, nikimfuta kwa maji ya vuguvugu, nikajikaza nimwombe msamaha. "Baba, ile damu..." nikaanza. Akanishika mkono.

"Najua, mwanangu. Ulikuwa unaiona, ukanificha nisije nikaogopa. Una huruma kama mama yako."

Nikaendelea kumfuta. Nilimwacha aamini hivyo mpaka tulipomzika. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu huyo wa majuto amekua, ameota ndevu, bado analala kwangu. Sijui kama nilinyamaza kwa kumhurumia baba au kwa kujihurumia mwenyewe, na nahofia ni mwenyewe.

Basi sikia, mwanangu, wewe ambaye simu yako ina tochi kali kuliko ile yangu. Mzazi akikuomba umwangalizie, inama uangalie. Ukiona damu, au choo chake kimebadilika na hakirudi kuwa kama zamani, au anakonda bila sababu, usijipe moyo kwamba ni minyoo, wala usingoje mavuno yaishe. Mpeleke hospitali, na ukiulizwa, sema ulichokiona. Kama hukuangalia, sema hukuangalia. Aibu ya neno hilo ni ya siku moja; ya kulinyamazia nakaa nayo mpaka leo. Na kinyaa si dhambi. Hata mama yako alikisikia alipokuwa anakubadilisha nepi, na wala hakukuacha ulale nayo.

Mungu akujalie wazazi wazeeke mikononi mwako, akupe na nguvu ya kuwaamkia kila wanapoita. Na siku utakapowazika, ulie kwa kuwapenda tu, usilie kama mimi.