Nilizima location, mzee akaisoma picha

Za majukumu wakuu. Hii imenikuta mwenyewe hapa kisiwani Mafia, chumvi sijatia. Ni aibu yangu, chekeni tu.

Vijana tunajiona wajuaji kweli! Mzee akibonyeza simu kwa kidole kimoja tunavunjika mbavu. Kinara nilikuwa mimi. Mjomba wangu, mvuvi wa siku nyingi, ana simu ya kitochi iliyofungwa raba, namba za watu anaandika ukutani kwa mkaa. Nilikuwa namwita Analojia, tena mbele ya watu.

Sasa mjomba ana mwamba wake wa kuvulia samaki wa chewa, nje ya Ras Mkumbi. Kaachiwa na baba yake, hajamwonyesha mtu. Na tangu hifadhi ya bahari ibane maeneo kule kusini, mwamba kama huo ni urithi hasa.

Akaniita. "Mpwa wangu, magoti yamechoka. Twende nikuonyeshe, uwe wako."

Hana GPS wala nini. Anaangalia mnara wa taa mpaka ukae sawa na mnazi uliokatika kichwa. Anageukia upande wa pili, paa la msikiti likae juu ya jiwe jeupe la ufukweni. Hapo ndipo anatia nanga. Chewa tuliowatoa siku ile, acheni!

Mimi na kiherehere changu, selfie mbili. Moja nyuma yangu mnara, nyingine msikiti.

Mjomba akauliza, "Hizo haziendi kwa watu?"

Nikamcheka. "Nimezima location, mjomba. Mambo haya huyawezi."

Nikatupia status, nikakaa kuhesabu views. Bwege mimi.

Siku ya tatu tunafika, mashua nne ziko juu ya mwamba wetu. Wavuvi wa dago, wale wanaokuja kupiga kambi kwa msimu. Mzee wao mmoja, simu hana kabisa, picha kaonyeshwa na mjukuu wake, akanipungia mkono.

"Kijana, ahsante! Mnara na mnazi vimetoka vizuri mno."

Mjomba hakunitukana. Aligeuza chombo tukarudi. Afadhali angenitukana.

Juzi nikasikia ana mwamba mwingine. Nikamfuata nimenywea.

"Shikamoo mjomba. Kesho nije? Simu naiacha nyumbani."

"Marahaba. Iache nyumbani. Na wewe baki nayo, isije ikaibiwa."

Somo nimelipata wakuu: mzee asiyejua kubonyeza si mjinga, mjinga ni mimi niliyemwita Analojia. Wajuaji wenzangu mlioanikwa na status zenu, jitokezeni hapa chini. Msiniache nichekwe peke yangu.