Wavu wa Fundi Cherehani
Fundi cherehani huzungumza kwa mikono zaidi ya mdomo. Jioni, akishamaliza kushona, hufunga manyoya ya jogoo kwenye ndoano ya kuvulia samaki kwa uzi mweusi hadi yafanane na nzi, kisha huyapuliza kama anayepangusa vumbi kwenye picha. Mariam Poni, anayeuza chai kando yake sokoni Koboko, Uganda, hajawahi kumsikia akimtaja mwanawe aliyepotea walipokimbia vita Sudani Kusini.

Jumamosi moja Mariam alifuatana na fundi hadi bwawani Kuluba. Fundi akarusha uzi wa fimbo yake ya kuvulia, nzi wake wa manyoya akatua taratibu juu ya maji, akamvuta kidogo kidogo. Mara fimbo ikapinda. Samaki, ngege mkubwa! Fundi akateleza topeni, akapiga kelele bila kugeuka: "Yengi! Leta wavu, mtoto yangu!"

Kisha akageuka; ukingoni palikuwa na Mariam Poni tu. Mariam Poni akakunja gauni, akachukua wavu, akaingia majini hadi magotini. "Wavu iko hapa, mzee. Vuta tu."

Samaki alipokwisha kutua nyasini, fundi aliuchukua wavu. "Yengi alikuwa anashika mpini chini zaidi," akasema. "Hivi." Akamwonyesha.