Kitako cha Bunduki ya Mke Wangu

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Julai, ambao huku ugenini ni majira ya baridi. Alfajiri baridi kali, majani ya uani meupe kwa umande ulioganda, kioo cha gari nimekikwangua kwa kadi ya maktaba. Baadaye jua likatoka, lakini jua la kutazama tu, la kuota halikuwa. Upepo hakuna kabisa. Naandika habari ya upepo mapema kwa sababu mbele kuna mtu atausingizia, na mimi sipendi kitu kisingiziwe, hata upepo.

Leo ndiyo siku mke wangu alikuwa anagombea nafasi ya nne, ya mwisho, katika timu ya klabu yao ya kulenga shabaha. Tena kwa bunduki ambayo mti wake nimeuchonga mimi. Nasema mti. Mtutu na mambo yote ya chuma ni kazi ya fundi wa bunduki mwenye leseni, na ni fundi hasa, sina la kumtoa kasoro. Mimi ni seremala wa makabati ya jikoni kiwandani hapa Ingleburn, nimesoma Tanga hadi darasa la saba, na kabla ya mwaka huu kitu cha ajabu kuliko vyote nilichowahi kuchonga kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Mpaka leo inayumba.

Tulifikaje huku? Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi hospitalini, Westmead. Mwenzake wa kazini alimwalika klabuni siku ya wageni, tukaenda familia nzima tukidhani kuna nyama ya kuchoma. Ilikuwepo, ni soseji, ila si halali, tukala mkate na vitunguu. Lakini kabla ya kula kila mgeni alipewa risasi tano za bunduki ndogo, ulale kifudifudi, karatasi iko mita hamsini. Zangu mbili zilikutwa kwenye karatasi ya jirani. Za mke wangu zote tano zilipita tundu moja, utadhani karatasi imegugunwa na panya. Kapteni wa klabu, mzee aliyestaafu udereva wa basi, akaitazama ile karatasi, akamtazama mke wangu.

"Umejifunzia wapi?"

"Kutia uzi kwenye sindano," mke wangu akasema.

Akasoma, akapata leseni. Tabu ikawa shingo. Bunduki za klabu zimetengenezewa wanaume wenye shingo za twiga. Mke wangu ni mfupi, na kuhusu shingo yake nisiseme sana, maana daftari hili hulisoma. Akienda klabuni Jumamosi, Jumatatu hawezi kumgeuza mgonjwa kitandani.

"Ama nipate bunduki ya kunitosha, ama niache," akasema. "Siwezi kuuza shingo yangu kwa ajili ya karatasi."

Kapteni akamwambia kuna watu hupimiwa kitako kama wanavyopimiwa suti. Mke wangu akarudi nyumbani akanitazama kwa lile jicho ninalolijua, jicho la siku alipotaka kabati la viatu.

Ubao niliupata kiwandani, ubao mnene wa mti mgumu wa huku, umekataliwa kwa sababu ya ufa mdogo pembeni. Nilimwomba bosi, akasema chukua. Nikamwomba tena mbele ya mtu, isije ikaonekana nimeiba. Bosi akasema, "Nimeshakwambia chukua, ondoka nao."

Vipimo tulichukua sebuleni, jioni baada ya kazi. Chuma chote kilikuwa bado kwa fundi, kwa hiyo mahali pa mtutu nilichomeka mpini wa ufagio. Mke wangu amelala kifudifudi juu ya mkeka, amejitanda kanga yake ya nyumbani, analenga swichi ya taa. Mimi nimepiga magoti kando, penseli sikioni, nashughulika na pale mahali pa kulaza shavu, maana shavu likikaa juu au chini kidogo tu, jicho halioni sawa na risasi inakwenda inakotaka.

"Shavu liko juu?"

"Juu."

Nakwangua. "Sasa?"

"Chini."

"Mwenzangu, nimekwangua vumbi tu!"

"Basi uso wangu ndio umepanda?"

Nikabandika, nikakwangua upya. Binti yetu, ambaye Kiswahili chote anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, akapita kwenda jikoni akasema mama yake anafanana na sili, yule mnyama mnene wa baharini, aliyetupwa ufukweni.

"Na wewe ni mtoto wa sili," mama yake akamjibu, jicho halijatoka kwenye swichi. "Weka maji ya chai."

Siku moja mama mkwe akapiga simu ya video katikati ya kazi. "Mkwe, mwanangu kalala chini, ana nini hicho?"

"Bunduki, mama. Bado mti mtupu."

"Huko mnawinda nini?"

"Karatasi, mama."

"Karatasi imewakosea nini?"



Basi leo tukatoka. Kwa ile baridi mke wangu alivaa koti la kulengea, na kichwani ushungi wa sufu alioununua Fairfield, mzito, wa kufunika mashavu mpaka kidevuni. Nilimwambia amependeza. Alipendeza, siondoi neno. Bunduki ilikuwa ndani ya sanduku lake la kufuli, nimeiviringisha kanga, kwa sababu vanishi nimeipiga mara saba na sikutaka hata mkwaruzo.

Kabla ya yote kapteni aliijaribu mwenyewe. Akaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, akakunja shingo yake ndefu kama korongo anayetafuta chura, akapiga tano. Tundu moja.

"Nzima hii," akasema. "Mtu akikosa kwa bunduki hii ajilaumu mwenyewe. Mti kachonga nani?"

Nikasema ni mimi, ila ufa niliukuta.

Wanaogombea nafasi walikuwa wawili, mke wangu na daktari wa meno mmoja. Ningependa kuandika kwamba daktari yule ni mtu wa majivuno, lakini si kweli. Alituletea biskuti, na akauliza kwanza kama tunakula.

Kuna raundi ya kupasha moto, haihesabiwi. Mke wangu akalala, akapiga. Ya kwanza juu. Ya pili juu zaidi, kulia. Ya tatu sijui ilikuwa na safari ya wapi. Kapteni kwenye darubini yake akakunja uso kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Ni upepo huo," akasema.

Bendera za uwanjani zilikuwa zimelala kama nguo zilizosahauliwa kambani. Mzee alikuwa anamsitiri tu, na nampa heshima yake kwa hilo.

Mimi nikaanza hesabu yangu. Chuma kizima, kapteni amethibitisha. Mke wangu mzima, klabu yote inajua. Katikati ya chuma na mke wangu kuna kitu kimoja tu, kazi ya mikono yangu. Nikaona ubao umepinda kwa baridi. Nikaona ule ufa unacheka. Nikamsogelea, nikachuchumaa nyuma yake.

"Mama watoto, chukua bunduki ya klabu. Kosa ni langu."

"Nyamaza kwanza. Hapa nimelalia nini?"

"Kitako chako."

"Kitako changu ni kigumu, nakijua. Hiki kama mto wa hoteli. Na shavu linateleza kama pamepakwa samli."

Nikapeleka kidole pale baina ya shavu na mti nitafute hiyo samli. Kidole hakikugusa mti wala shavu. Kiligusa sufu. Tukatazamana.

"Sebuleni nilikuwa na kanga," akasema. Au nilisema mimi. Yeye anasema aliyegundua ni mimi, kwa sababu kidole kilikuwa changu. Mimi nasema ni yeye, kwa sababu samli ilikuwa yake. Jambo hili hatukulimaliza. Ila wote wawili tulikuwa tumeacha kanga ya sebuleni, kitambaa chembamba kama ngozi ya kitunguu, tukaja na blanketi kichwani, kisha tunashangaa jicho limekwenda wapi.

"Sasa kanga tutaipata wapi huku?" nikauliza.

"Wewe umeviringishia nini bunduki yangu?"

Kumbe niliyoviringishia ni pacha ya ile ya nyumbani, kipande cha pili cha doti ileile. Akaichukua akaenda kubadilisha ndani ya gari, mimi nimesimama nje nimeukumbatia ushungi kama mtoto mchanga. Akarudi amejitanda vizuri, maandishi ya kanga yamekaa juu ya sikio. Daktari wa meno akauliza kwa adabu yameandikwa nini.

"Yameandikwa, usinisemeshe nikilenga," mke wangu akamwambia.

Hayakuandikwa hivyo. Lakini sikuulizwa mimi.

Raundi ya kuhesabiwa ni risasi kumi, jumla alama mia. Sikuitazama. Nilitazama biskuti. Niliposikia kimya nikajua wamemaliza.

Kapteni akaweka karatasi mezani. Daktari tisini na sita. Mke wangu tisini na sita, na tundu moja la ubishi: likiwa limegusa mstari wa duara la ndani, anapata tisini na saba na mambo yamekwisha. Ile lenzi yao ya kupimia kapteni aliikalia wiki iliyopita, ikavunjika. Akaipeleka karatasi mbali na macho, akaileta karibu.

"Mimi sioni," akasema.

"Muulize mumewe," akasema daktari wa meno. "Ana macho ya seremala. Mimi namwamini."

Heri angenitukana. Nikainama. Mke wangu amesimama upande mmoja, naisikia pumzi yake. Nikatazama kwa jicho la kulia, nikatazama kwa la kushoto. Baina ya tundu na mstari palikuwa na weupe. Mwembamba, wa unywele, lakini weupe.

"Haijagusa," nikasema.

Mke wangu alinitazama kwa jicho jipya, hili sikuwa nalijua.

Basi wamelingana. Kapteni akasema kanuni yao wakilingana wanahesabu zilizoingia kwenye kiduara cha katikati kabisa. Akahesabu kwa kidole, akarudia. Daktari tano. Mke wangu saba.

"Umo ndani," akamwambia. "Na hiyo kanga usije ukaisahau."

Daktari akampa mkono mke wangu, kisha akatupa biskuti zilizobaki. Nilisema ni mtu mwema.

Tulipoiacha barabara kuu, mke wangu akaniuliza.

"Ungesema imegusa ungepungukiwa nini?"

"Haikugusa."

"Najua haikugusa. Nilikuwa na macho pale." Akasogeza kanga kichwani. "Shingo haiumi," akasema. "Hata kidogo." Halafu, kabla sijafurahi: "Leo unapika wewe."

Nimepika. Jioni tumekula wali wa nazi, nazi nimeikuna kwa ile mbuzi inayoyumba, na mchuzi wa samaki wa kopo. Wali ulishika chini. Mke wangu akanyanyua kijiko akauliza mbele ya binti, umeungua au haukuungua? Nikasema umeungua. Binti akacheka. Ukoko aliula mama yake wote.