Kisima Kilichosafishwa kwa Ajili Yangu

Kisima cha Bi Mwanakheri kilifungwa kwa bati na mnyororo, na sababu ni mimi. Kazi yangu ni kupima maji katika maabara moja hapa mjini. Safari iliyotangulia nilizunguka visima vya kusini ya Unguja kutafuta urani, madini ya asili ambayo hata mawe yetu ya matumbawe yanayo kidogo kidogo, na ambayo yakizidi katika maji ya kunywa huumiza figo. Visima vyote vilitoka salama isipokuwa hicho kimoja. Ikaamriwa kipimwe tena, na kikishindwa kifukiwe.

Mama yake Bi Mwanakheri, Mungu amrehemu, ndiye aliyekichimbisha na kukiweka wakfu, ili kila atakayekunywa amwachie thawabu huko aliko. Kukifukia ni kumkatia marehemu fungu lake. Hata hivyo, nilipompigia simu kumwambia nakuja mara ya pili, bibi yule hakunilaumu. Aliuliza tu, "Siku gani, mwanangu, tujitayarishe?" Nami nikamtajia siku.

Saa moja asubuhi niliondoka Michenzani na vespa yangu, sanduku la chupa nimelifunga nyuma kwa mipira. Tunguu nikasimama kunywa chai kwa vitumbua viwili, kisha cha tatu, maana safari ya mashaka haiendwi na njaa. Jozani wakanizuia kima. Walivuka barabara mmoja mmoja bila haraka, na wa mwisho akaketi katikati kujikuna. Nikazima mashine nikamngoja.

Kuanzia Kitogani, nilipokata kulia kushika njia ya Kizimkazi, nikaanza kuzungumza peke yangu. Kisima cha jirani kiko hatua chache kutoka hicho, mwamba mmoja, mvua moja. Vipi kimoja kiwe kizima na cha pili kiwe na sumu? Niliona haya kumkabili bibi bila jibu.

Saa nne nikafika kijijini, kabla kidogo ya Kizimkazi.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kisima chako tayari."

Bati lilikwisha kuondolewa. Haji, mtoto wa kaka yake, mtu mzima mwenye ndevu zake, alikuwa akiosha miguu iliyojaa tope jeusi hadi magotini. Kando yake palikuwa na rundo la tope hilo hilo, bado linachuruzika.

"Haji, ulikuwa unafanya nini humo?"

"Nshakisafisha. Nnazoa tope tangu alfajiri."

"Na safari ile nilipokuja?"

"Safari ile pia. Mgeni atoke mjini kuja kutazama maji, sisi tumwoneshe tope?"

Nikaketi juu ya ukingo wa kisima nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Bi Mwanakheri akamwangalia Haji, Haji akaangalia miguu yake.

Visima vingine vyote niliviendea ghafla. Hiki peke yake nilikitolea taarifa, safari zote mbili, kwa kumheshimu mwenye wakfu, naye kwa kuniheshimu mimi akakisafisha. Urani husafiri na maji chini ya ardhi, lakini ikikuta tope jeusi la majani yaliyooza, hunasa na kutulia hapo. Haji alilivuruga tope. Mimi nikachota maji yaliyochafuka nisiyachuje, nikatia tone la asidi la kuyahifadhi, kama ilivyo ada yetu, na asidi ikaibandua urani kwenye tope. Nilipima tope, nikaandika maji. Kosa hilo halikuwa la Haji.

"Kwa hiyo maji ni mazima?" akauliza Bi Mwanakheri.

"Sijui bado, Bi. Tusiyaguse siku tatu, yatulie."

"Basi utalala hapa," akasema, na niliona habari hiyo imempendeza.

Siku mbili nililishwa pweza wa nazi, mkate wa kumimina na kachumbari, na kila nikisema nimeshiba nikaulizwa nina ugonjwa gani. Siku ya tatu nikaenda kutazama tungule za kachumbari zilikotoka. Zilikuwa nzuri, nyekundu, zimestawi juu ya tope la safari ya kwanza.

"Lina rutuba hilo," Haji akanieleza kwa fahari.

Nikamwambia kilichomo. Tukalizoa lote, la zamani na jipya, tukalitia magunia na kuyaweka pakavu, mbali na kisima. Kachumbari ikafutwa mezani mpaka majibu yatoke.

Asubuhi ya nne nilishusha mpira mwembamba taratibu, nikayavuta maji na kuyapitisha kwenye chujio, kisha nikachukua na tope la magunia, chupa yake mbali. Bi Mwanakheri alisimama karibu yangu muda wote.

"Na kama ni maji yenyewe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitaandika hivyo hivyo, Bi."

"Andika. Mama hakukiweka kiumize watu."

Haji akakirudishia bati na mnyororo, nami nikarudi mjini na maneno hayo, na kwa kweli yalinielemea kuliko sanduku.

Majibu yalipotoka, sikupiga simu. Nilimkuta Bi Mwanakheri amekaa uani, kanga ya kazi, ungo wa mchele magotini.

"Mbona hukusema? Nyumba haijafagiwa, wala kisima hakijaguswa."

"Ndivyo ninavyokitaka, Bi. Maji ni salama. Urani imo kwenye tope. Siku ya kusafisha kisima msinywe mpaka yatulie, na tope lisirudi bustanini."

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua chupa, huwauliza wenyeji asubuhi hiyo wamefanya nini kwa ajili yangu. Heshima nayo huvuruga maji.

Haji alifungua mnyororo. Bi Mwanakheri akavuta ndoo ya kwanza mwenyewe, akainua mikono akamwombea mama yake, kisha akajaza kikombe akanipa.

"Anza wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyekifunga."

Nikanywa mpaka tone la mwisho.