Anguko la Sura ya Tisa

Mume wangu, Thurman Ostby, aliruka. Naanza na hilo kwa sababu hapa kwetu Nebraska, kuanzia kwa kinyozi hadi chumba cha chini cha kanisa ambako akina mama hunywa kahawa baada ya ibada, inasemwa kwamba alijitungia. Inasemwa kwamba nyonga yake ilivunjwa na trekta la baba yake, kwamba huko Hollywood alikuwa mbeba mbao tu, na kwamba baada ya kuumbuliwa mbele ya watu mia tatu alikunywa pombe mpaka akafa. Thurman alikufa kwa ugonjwa wa moyo, Machi iliyopita, akiwa na kikombe cha maziwa mkononi. Na alipokuwa akiruka mimi nilikuwepo. Nililipwa niwepo.

Mwaka 1941 nilifanya kazi kwenye studio ndogo iliyotengeneza filamu za mfululizo, zile za sura kumi na tano zilizoonyeshwa sura moja kila Jumamosi, watoto wakiingia kwa senti kumi. Yetu iliitwa Kozi wa Chuma, kozi yule ndege mwindaji. Shujaa wake alivaa kofia ya ngozi yenye barakoa ya mdomo wa ndege, na alipoivua alikuwa Roland Vail, mwigizaji mwenye kidevu kizuri aliyeogopa hata ngazi. Palipokuwa na kuruka, kudondoka au kupigwa kiti mgongoni, kofia ilivaliwa na Thurman. Kazi yangu ilikuwa kuketi kando ya kamera na kuandika kila ilipowashwa: bastola ilikuwa mkono gani, kifungo gani kilikuwa wazi, nini kimeharibika. Nilikuwa na shahada ya Kilatini na mwandiko usiohitaji kufutwa.

Sura ya tisa iliisha kwa Kozi kusukumwa kutoka juu ya ghala la nafaka, futi arobaini. Chini, nje ya picha, yalipangwa magodoro na maboksi matupu. Thurman aliruka mara moja tu. Kamba ya kidevuni ilikatika, kofia ikabaki hewani nyuma yake, naye akashuka na uso wake mwenyewe. Aliangukia ukingo wa magodoro. Nyonga niliisikia ikivunjika.

“Tumeipata?” mwongozaji, Bwana Haskell, aliuliza. Hakuuliza kama mtu yu hai.

Mpiga picha alisema mambo yalikuwa ya haraka, huenda watoto wasione.

“Dada Leota, wewe umeona nini?”

“Kofia imemvuka. Uso unaonekana, na si wa Vail. Haifai.”

“Basi leteni yule wa gunia.”

Gari la wagonjwa halijatoka langoni, wakaokota kofia ile, wakaifunga upya, wakalivika sanamu la gunia lililoshindiliwa majani makavu, wakalitupa. Mara mbili, ili wachague. Hilo ndilo lililoingia kwenye filamu.

Tulifunga ndoa Desemba, bwana harusi akiwa na magongo. Studio haikumwita tena. Tukarudi kwao Nebraska, akauza misumari na kamba katika duka la vifaa vya ujenzi, mimi nikafundisha Kilatini shule ya sekondari. Filamu ilipoonyeshwa alikuwa bado kitandani, na baadaye ikapotea kama zote zilivyopotea. Kwa hiyo hakuwahi kuiona. Kwa miaka thelathini na mitatu aliwasimulia watoto waliokuja dukani jinsi alivyoruka sura ya tisa, nao wakamwomba awaonyeshe anavyochechemea, naye akawaonyesha. Sikumwambia habari za gunia. Hakuuliza, na masimulizi yake hayakumdhuru mtu.

Kisha mtu aitwaye Dwight Kessel, muuza viatu wa Saint Louis, akazipata sura zote kumi na tano kwenye ghala la jumba la sinema lililofungwa. Kessel na wenzake wana chama. Kila Julai hukutana hotelini na kutazama filamu hizi kwa siku tatu mfululizo. Alimwandikia Thurman aje kama mgeni wa heshima.

“Watu wazima wanaofungiwa siku tatu na filamu za watoto,” nilimwambia. “Hao wana akili timamu?”

“Wanataka kuniona, Leota.”

“Walitaka kumwona Kozi.”

“Na Kozi ni nani?” aliniuliza, akacheka, akaenda kununua suti.

Walikuwa na akili timamu. Nitawapa haki yao, maana niliketi nao. Wanaume wenye matumbo na saa za dhahabu, wawili kati yao mahakimu, mmoja aliyemdanganya bosi wake kwamba amefiwa na shangazi. Taa zilipozimwa walikula bisi kwa viganja, wakamzomea adui na kuimba ule wimbo wa mwanzo bila kukosea. Kila sura ilipoishia Kozi akiwa ndani ya moto au chini ya maji, walipiga kelele, “Amekwisha! Safari hii amekwisha!” ingawa walijua kwa moyo alivyookoka. Nimesomesha mashairi ya watu waliokufa miaka elfu mbili iliyopita, na sijawahi kuona darasa likipenda kitu namna ile. Kozi hufa kila Jumamosi, na Jumamosi inayofuata hana hata mkwaruzo. Mtu aliyezika wazazi wake na kuachwa na mke yuko tayari kusafiri mbali ili akaone hilo tena.

Sura ya tisa ilifika siku ya pili, baada ya chakula cha mchana. Thurman aliketi mbele, mikono magotini. Kozi akasukumwa, akaanguka. Ukumbi ukapiga kelele, na Thurman akaanza kuinuka ili apigiwe makofi.

“Ngoja, ngoja!” Kessel aliita kutoka kwenye mashine yake. Alikuwa na mashine inayoweza kusimamisha picha. Akairudisha, akaisimamisha. Goti la Kozi lilikuwa limepindia mbele. Kwenye mkono wa koti palitokeza majani.

Mmoja akasema, “Mzee Ostby, asubuhi ile ulikula nini?”

“Nyasi!”

“Ng'ombe wa Nebraska wangemmaliza kabla hajafika chini!”

Walicheka mpaka bisi zikamwagika. Hawakuwa na chuki. Walicheka kama watu waliopata kitu kipya ndani ya kitu walichokijua chote. Thurman alibaki amesimama nusu.

“Mimi niliruka,” alisema. “Nyonga hii nimeipata pale.”

“Mzee wangu,” Kessel alimjibu kwa upole, “hata mimi mgongo unaniuma, lakini sijasema nilipigana mieleka na dubu.”

“Muulizeni mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika.”

Vichwa mia tatu viligeuka.

“Aliruka,” nilisema.

“Na huyu wa majani, mama? Aliingiaje humu?”

Nilijua. Lakini Thurman alikuwa ananitazama mimi, si wao, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kusikia kwa mara ya kwanza. Nikafungua mkoba wangu, nikaufunga. Mtu wa nyuma akapiga makofi, akasema, “Mwacheni mama, analinda nyumba yake!” Wakacheka tena, na Kessel akaanzisha sura ya kumi, kwa sababu walitaka kuona kamba iliyomwokoa Kozi. Sura ya kumi inaonyesha kwamba Kozi aliwahi kamba ya ghala na hakuanguka hata kidogo. Walishangilia. Walijua hata idadi ya mafundo yake.

Tuliendesha hadi nyumbani. Nilipofika, sikuvua hata kofia. Nilitoa mkebe niliohifadhia karatasi zangu za studio, nikamwekea mezani ile ya siku ile. Nilitaka apate haki yake imeandikwa, na mwandiko ni wangu. Aliisoma kwa kidole. Mstari wa kwanza, saa. Wa pili: *aliruka kwa wakati, mikono wazi kama ilivyoagizwa*. Wa tatu: *kofia imemvuka, uso unaonekana*. Wa nne ulisema uso ulikuwaje. Wa tano: *haifai*. Mbele yangu yalikuwa maneno yangu ya miaka thelathini na mitatu, na nilikuwa nimeufikiria ule mstari wa pili tu.

Kidole kilisimama kwenye wa nne.

“Uliandika hivi.”

“Nilichokiona.”

“Halafu ukaolewa na mimi.”

“Ndiyo.”

Alivua miwani, akaikunja. Nilimwambia tuipeleke kwa Kessel kesho yake, chama kizima kione, mji mzima uone. Alinisukumia karatasi.

“Afadhali majani kuliko uso ule,” alisema.

Tangu hapo, watoto walipomwomba kisa dukani, aliwapimia misumari. Jarida la akina Kessel likatoka na picha ya lile gunia, na juu yake, *Mtu wa Majani*. Mpwa wa kinyozi wetu hulipokea. Mengine mnayajua, maana mmeyasambaza wenyewe. Mazishini wawili walinong'ona nyuma yangu iwapo jeneza lina mtu, au limeshindiliwa majani.

Thurman alitaka iwe majani. Lakini ana binti na wajukuu wanaobeba jina Ostby, nami sitaliacha liburutwe. Nilimpelekea Kessel picha ya karatasi ile. Amenijibu kwa adabu: yuko tayari kusahihisha, ila picha yangu ina pengo, mstari mmoja umekatwa kwa mkasi. Anaomba karatasi nzima. Anasema wanachama, wapenzi wa Kozi tangu utotoni, wangefurahi mno kujua uso chini ya kofia ulikuwaje alipokuwa akishuka.

Kipande kile nilikitia motoni, kikaungua. Aliyeuona uso ule na bado yu hai ni mimi.

Aliruka. Kofia ilimvuka. Uso wake siutaji, kwa Kessel wala kwa kinyozi wala kwa binti yangu, na barua nyingine ya kuuliza itarudi bila kufunguliwa.