Daftari la Mlimani

Kila mwezi wa saba, miwa inapochomwa kaskazini mwa Durban, upepo hutuletea majivu meusi mpaka mtaani kwetu, Sydenham. Yanatua kwenye nguo zilizoanikwa, membamba kama nyuzi, na ukiyapangusa yanaacha mstari. Majirani hulalamika. Mimi husimama uani nikavuta pumzi. Harufu ya majani yaliyoungua penye baridi hunirudisha kwenye Jumamosi moja tuliyopanda milima ya Drakensberg, Papa, mdogo wangu Sifa na mimi. Mimi ni mtu mzima sasa, nina watoto wangu, lakini pua haijui miaka.

Nilikuwa na miaka kumi, Sifa sita. Papa alikuwa akitengeneza simu kwenye kiduka kidogo mjini, na Mama alisuka nywele saluni, milango mitatu kutoka hapo. Likizo ile theluji ilianguka milimani, na picha zake zikawa zinapita kwenye kila simu iliyofika mezani kwa Papa. Sifa akaziona. Tangu hapo nyumba haikukalika. Aliuliza kama theluji ina chumvi, kama inauma, kama Yesu aliwahi kuishika. Papa akachoka, akaahidi. Papa Lionel, rafiki yake Mrundi aliyekuwa na pikapu na kila Jumamosi alipeleka bidhaa kwenye miji iliyo chini ya milima, akakubali kutushusha asubuhi na kuja kutuchukua saa tisa.

Mama alituvalisha sweta mbili mbili na soksi mikononi, kwa kuwa glavu hatukuwa nazo. Tulionekana kama mito ya kulalia iliyoota miguu. Papa alivaa koti lake la kanisani. Njia nzima alijisifu kwa Papa Lionel. "Mimi nilikulia kwenye milima ya Kivu," alisema. "Hii ni ile ile tu. Tofauti, ya kwetu iko na ng'ombe."

Kabla hatujafika, kuna jambo lazima niwaambie. Karatasi ya ukimbizi ya Papa, aliyetoka Kongo, ilikuwa imekwisha muda tangu mwezi wa tano, na alikuwa akingoja siku aliyopewa kwenda kuiongeza. Hatukuambiwa sisi watoto, lakini tulijua, kama watoto wanavyojua kila kinachonong'onwa jikoni. Tulijua kwamba mtu akigonga mlango na kumwulizia Papa kwa jina lake lote, jibu ni kwamba hayupo. Papa alitembea na ile karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani, na mjini alikuwa akibadilisha upande wa barabara akiona sare yoyote, hata ya mlinzi wa duka la viatu.

Kwenye lango la hifadhi palikuwa na kijumba cha mawe, na ndani yake mlinzi, mzee kidogo, mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwikoni. Alimwamkia Papa kwa Kizulu, akamwonyesha daftari kubwa lililokuwa wazi mezani, kalamu imefungwa kwa kamba. Kila anayepanda, alieleza, anaandika jina, idadi ya watu, anakokwenda na saa ya kurudi. Papa alicheka kicheko ambacho hakikuwa chake. Akasema tunakwenda hapo karibu tu, kwenye maji, haina haja. Gari jingine likapiga honi langoni, mlinzi akatoka. Papa akamshika Sifa mkono ampeleke chooni, akaniambia nimngoje pale, nisiguse kitu.

Nikabaki na daftari.

Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa na familia fulani: baba, mama, watoto watatu, kila jina mahali pake. Chini yake palikuwa patupu. Mwandiko wangu ulisifiwa darasani, na sijui niwaelezeje tamaa iliyonipata. Nilitaka na sisi tuwe kwenye mstari, kama watu. Nikaandika: Justin Byamungu, Faida Byamungu, Sifa Byamungu. Watu watatu. Kwenye theluji. Saa nane. Papa aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono nyuma.

Asubuhi ilikuwa safi. Majani yote yalikuwa ya njano, na kijito kilikuwa na barafu pembeni, nyembamba kama kioo cha simu. Papa aliivunja kwa kidole akatupa kila mmoja kipande cha kunyonya. Lakini mimi sikuwa na raha. Kila Papa alipogeuka kunitazama nilidhani amejua. Mara mbili nilifungua mdomo niseme, na mara mbili nikaomba maji.

Tulipita sehemu ambayo walinzi wa hifadhi walichoma majani mapema ili moto usije ukasambaa, mteremko mzima mweusi. Tukapanda, tukapumzika, tukala mayai na chapati, tukapanda tena. Theluji tuliyoiona kutoka barabarani ilikuwa juu mno, haikutusogelea hata kidogo. Papa hakutaka kurudi bila kutimiza ahadi. Mwishowe tuliipata, nyuma ya mwamba usiofikiwa na jua: kipande kigumu, kichafu, kikubwa kama godoro. Sifa alikilamba. "Haina chumvi," alitangaza, na Papa akacheka mpaka akakaa chini. Ndiyo dakika pekee ya siku ile ninayoweza kuikumbuka bila kukaza mikono.

Tulipogeuka, bonde halikuwepo tena. Wingu lilikuwa limepanda kutoka chini, kimya, na mara likawa limetumeza. Papa alituambia tushikane, tukashuka polepole mpaka kwenye ule mteremko uliochomwa, na pale njia ikapotea. Kila kitu kilikuwa cheusi, hakuna pa kusema hapa walipita watu. Tulizunguka. Tukasikia maji upande ambao hayakutakiwa kuwa. Sifa akateleza kwenye jiwe, akaingia kijitoni mpaka magotini.

Papa alimvua viatu na soksi, akamfunga miguu kwa sweta langu moja, akamfunika kwa koti lake. Tukajibanza chini ya jiwe lililotokeza kama kibaraza. Simu ilikuwa haina netiweki. Ilikuwa imepita saa tisa, na baridi ilianza kupanda kutoka ardhini. Papa alisali kwa sauti ya chini, Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja, huku akisugua miguu ya Sifa. Mwanzoni meno ya Sifa yalikuwa yakigongana. Baadaye yakanyamaza, nami nikafurahi, nikidhani amepata joto. Nilimwona Papa akimtikisa, akimwambia asilale, akimwuliza jina la mwalimu wake, na Sifa akijibu taratibu kama mtu aliye chumba cha pili.

Ndipo tukasikia filimbi. Kisha sauti ya mwanamume, mbali, ndani ya wingu.

"Justin! Justin Byamungu!"

Nilivuta pumzi niitike, na mkono wa Papa ukanifunika mdomo. Ulikuwa na harufu ya mayai na majivu.

"Faida! Sifa!" sauti iliita.

Papa alinivuta karibu zaidi. Alininong'oneza sikioni, "Nyamaza kabisa. Wanatuita majina. Nani aliwapa majina yetu?"

Filimbi ililia tena, mara hii upande wa kushoto. Ilikuwa ikienda zake. Mkono wa Papa haukulegea. Nilimtazama Sifa, macho yake nusu wazi, midomo rangi ya majivu, na woga wangu wa asubuhi nzima ukawa mdogo ghafla. Nikaushika ule mkono kwa mikono yangu miwili yenye soksi, nikaushusha.

"Papa, ni mimi," nilisema. "Ni mimi niliandika. Kwenye daftari lake, pale mlangoni. Ni ule mzee wa sweta."

Alinitazama. Sijawahi tena kutazamwa vile. Halafu akatoka chini ya jiwe, akasimama ndani ya wingu, mikono imening'inia, na kwa muda hakusema kitu. Filimbi ikalia, hafifu zaidi. Na Papa, ambaye Kizulu chake kilikuwa cha kuuzia kava za simu, akapaza sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Silapha! Baba, silapha! Tuko hapa!"

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Aliendelea kuita hata walipokwisha kufika, yule mzee na kijana mwenzake, wakiwa na blanketi. Mzee hakuuliza kitu. Alimwinamia Sifa, akamgusa shingo, akamvua zile nguo mbichi, akambeba mgongoni na kumfunga kwa blanketi jinsi akina mama wanavyobeba watoto wao. Njia, kumbe, ilikuwa hatua chache tu kutoka pale tulipokaa.

Kule kijumbani palikuwa na jiko la makaa. Sifa alipewa chai yenye sukari nyingi, na alipoanza kulia kwamba miguu inamwasha, yule mzee alisema "Yebo, ndiyo, lia, lia," akacheka kwa furaha kuona damu imerudi miguuni. Papa Lionel alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Yeye ndiye aliyefika saa tisa akatuulizia, na mzee tayari alikuwa amefunga viatu kututafuta, kwa sababu saa nane ilikuwa imepita.

Kisha mzee akafungua daftari. "Wewe ndiye Justin?" alimwuliza Papa kwa Kiingereza.

Papa alisogea mezani. "Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Mzee akachora mstari juu ya majina yetu, kuonyesha kwamba tumerudi. Aliponyanyua uso, alimkuta Papa amesimama mbele yake wima, ametoa ule mfuko wa plastiki kifuani na kumnyooshea karatasi kwa mikono miwili. 

"Eish, baba," mzee alisema. "Hiyo ya nini? Irudishe mfukoni, italowa. Kunywa chai."

Tulirudi Durban. Sifa alilala, na safari hii Papa alimwacha alale. Nilingoja kipigo, nikangoja na kesho yake, na wiki nzima. Hakikuja. Papa hakuitaja siku ile, wala mimi, na kwa miaka mingi nilibeba mambo mawili yasiyokaa pamoja: kwamba nilikuwa nimemkosea baba yangu, na kwamba baba yangu alikuwa mwoga. La pili liliniuma zaidi. Nilimwona nyumbani akibadilisha balbu au akivaa tai ya kanisani, nikaukumbuka mkono wake mdomoni mwangu.

Nilikuwa tayari na mtoto wa kwanza nilipomwuliza. Karatasi zake zilikuwa zimeshatengenezwa zamani, na tulikuwa tumekaa tu, mtoto amelala mapajani mwake. Nilimwuliza kama kweli alimwogopa mzee yule kuliko baridi.

Alimlaza mtoto vizuri mapajani. Halafu akanisimulia habari ya kaka yake mkubwa, ambaye mimi nilimjua kwa picha moja tu. Asubuhi moja, huko kwao, wanaume walikuja na orodha wakasimama nje. Waliita jina lake lote, vizuri, bila kukosea hata herufi. Kaka alikuwa akinawa uso. Akaitika, akatoka na maji kidevuni, na hakurudi. Papa alikuwa nyuma ya mlango, akiwa na miaka kumi na minne.

"Pale mlimani nilijiambia, mwenye filimbi akifika kwenye maji nitaitika," Papa alisema. "Akafika kwenye maji. Nikasikia anavuka. Sauti ilikataa kutoka, Faida. Kama usingeniambia ni wewe uliandika, sijui. Mpaka leo sijui."

Alisema hivyo bila kunitazama, akimpepea mtoto.  Niliwaza tu ule muda aliosimama ndani ya wingu, mikono imening'inia, ambao mimi niliuona mrefu kupita kiasi, nikamhukumu kwa ajili yake karibu nusu ya maisha yangu. Kuhusu wanaume wanaokuja kumwita mtu jina lake lote, baba yangu alikuwa anajua jambo moja tu. Na bado aliitika.